Kitu Kitamu Nyumbani: Pesa Kidogo, Usalama Kamili

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vikundi vya wakazi wa Kibera na Kawangware



Nashukuru kwamba mmeacha kazi zenu mkaja. Najua saa hizi kuna mtu amefunga kibanda chake ili awe hapa, kwa hiyo sitawachelewesha. Leo sikuja kusoma bajeti wala kutangaza mradi wa barabara. Nimekuja tuzungumze juu ya kitu kitamu. Vitabuni wanaita kitindamlo. Mtoto wako haiti hivyo. Akitoka shule anakuuliza tu, "Mama, hakuna kitu kitamu?"

Swali hilo la mtoto ni la kila siku, na jibu lake ni la pesa na la afya. Tangu mwaka 2023 watoto wengi wa shule za umma jijini hupata chakula cha mchana kupitia mpango wa Dishi na County, mzazi akichangia shilingi 5 kwa sahani. Lakini mpango huo unaishia kwenye lango la shule. Akishatoka pale, anachokula saa kumi jioni kinategemea wewe, au kinategemea sarafu uliyompa na mtu wa kwanza atakayekutana naye njiani.

Wengi wetu tunaishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Jiko, kitanda, vitabu vya watoto na mtungi wa maji vyote vimo humo. Hakuna ovena wala friji. Hata hivyo mitaa hii ina ujuzi mkubwa wa vitamu. Pale Makina, mwezi wa Ramadhani, harufu ya kaimati inaanza alasiri. Wanubi wamekaa Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na majirani wametoka kila pembe ya Kenya, kila mtu na chungu chake. Watu wa Pwani walikuja na kashata na viazi vya nazi. Watu wa Magharibi walikuja na karanga na simsim. Kwa hiyo sitawafundisha kupika, maana wengi wenu mnanishinda. Nitataja vitamu vinne vinavyowezekana katika chumba kimoja, na katika kila kimoja nitaonyesha mahali ambapo hatari hujificha. Hatari zenyewe ni nne: maji, karanga, mafuta na moto. Ukizishika hizo, mtoto wako yuko salama kuliko akila cha kununua ambacho hujui kimepitia wapi.

Kwanza: matunda, na maji ya kuyaosha

Kitamu cha bei ya chini kabisa ni tunda. Ndizi mbivu, papai, embe msimu wake ukifika, kipande cha tikitimaji, parachichi lililopondwa na ndizi. Kata, changanya kwenye bakuli, kamulia ndimu ili ndizi isigeuke nyeusi. Sukari haihitajiki.

Shida ni maji. Wengi tunanunua maji kwa mtungi wa lita 20. Mnayaona mabomba ya plastiki yanayopita ardhini kando ya mitaro. Bomba likipasuka, na maji yakikatika kidogo, uchafu wa mtaro unavutwa ndani. Maji yakirudi, yanakuja nao mpaka kwenye mtungi wako, na kwa macho yanaonekana safi. Kipindupindu huja kwa njia hiyo.

Kwa hiyo maji ya kuoshea tunda ni sawa na maji ya kunywa. Yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu, uyaache dakika moja hadi tatu, kisha uyafunike yapoe. Usipokuwa na makaa ya kutosha, tumia dawa ya klorini ya kutibu maji na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na muda wa kusubiri.

Na osha tunda likiwa zima, kabla ya kulikata. Watu wengi hawaoshi tikitimaji wala papai kwa sababu ganda haliliwi. Lakini kisu kinapopita kwenye ganda chafu, kinaingiza ule uchafu ndani ya nyama ya tunda. Ukishakata, liliwe papo hapo. Lisipite saa mbili likiwa wazi, na lisilale mpaka kesho kama huna friji.

Kitamu kingine cha namna hii ni viazi vitamu vya nazi. Chukua kilo moja ya viazi vitamu, menya, kata vipande. Kuna nazi moja, tui jepesi na tui zito kando. Chemsha viazi kwenye tui jepesi na chumvi kidogo na iliki mpaka vilainike. Mimina tui zito, weka vijiko viwili vya sukari ukipenda, acha sufuria wazi, na ukoroge polepole lisikatike. Nazi ikiwa ghali, tumia maziwa. Kama ni maziwa mabichi ya kupima, yachemshe kwanza. Tafuta vile viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kwa maana vina vitamini A nyingi inayosaidia macho ya mtoto.

Kuna jambo dogo ambalo watu wa Pwani wanalilalamikia wakija hapa: kwamba vyakula vya Nairobi haviivi. Hawakosei. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka yakifika karibu nyuzi 94 badala ya 100. Kwa hiyo mapishi ya Mombasa yakikuambia dakika ishirini, ongeza kidogo.

Pili: kashata, na karanga za kutengenezea

Kashata ni rahisi. Nusu kilo ya karanga, robo kilo ya sukari, iliki. Kaanga karanga bila mafuta, zipoze, zisugue maganda yatoke, uyapepete. Weka sukari kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukoroge mpaka iyeyuke na kuwa rangi ya asali. Mimina karanga, changanya haraka, tandaza kwenye sinia iliyopakwa mafuta, ukate kabla haijakauka. Unapata vipande thelathini hivi.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu jambo hili limewahi kuua watu katika nchi yetu. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo hiyo huingia kwenye karanga. Mwaka 2019 Shirika la Viwango, KEBS, lilipiga marufuku aina kadhaa za siagi ya karanga madukani kwa sababu hiyo. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 tu kwa kilo moja ya chakula. Hicho ni kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, wala ulimi kukionja. Mtu akila nyingi kwa mara moja, ini linaharibika upesi. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, hatari ya saratani ya ini inaongezeka.

Na kukaanga hakuiondoi. Mtu asikudanganye kwamba moto unaua kila kitu. Ukungu wenyewe utakufa, lakini sumu uliyokwisha kuiacha kwenye karanga inabaki sehemu kubwa.

Basi tufanye nini? Kinga ya nyumbani ni kuchambua. Iwe umenunua Toi, sokoni Kawangware au umeshuka Nyamakima, fanya hivi:

Nunua karanga nzima, si zilizosagwa tayari. Karanga mbovu ikishasagwa haionekani tena, na mwenye tamaa anajua hivyo.

Zimwage kwenye ungo au sinia, mahali penye mwanga. Toa zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zilizotobolewa na wadudu. Chambua tena baada ya kutoa maganda, kwa maana rangi mbaya huonekana vizuri zaidi hapo. Sumu nyingi huwa katika hizo punje chache mbovu, kwa hiyo ukizitoa umepunguza sana hatari.

Ukitafuna moja ukasikia uchungu, iteme, na usiitumie mifuko yote bila kuichambua upya.

Usiwape kuku zile ulizotoa. Yai utalila wewe. Zitupe.

Hifadhi zilizobaki mahali pakavu, juu ya sakafu, ndani ya kopo kavu. Unyevu ndio unaouleta ukungu, na vyumba vyetu vya mabati hutoa jasho usiku.

Mambo mengine mawili kuhusu watoto. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima wala kashata ngumu, maana inaweza kumkaba koo. Na mtoto akila karanga kisha midomo ikavimba au akapumua kwa shida, hiyo si ya kusubiri. Mkimbize hospitali.

Tatu: kaimati, na mafuta ya kukaangia

Vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko kidogo cha hamira, kijiko kimoja cha sukari, na maji ya uvuguvugu kikombe kimoja au zaidi kidogo. Piga kwa mkono mpaka unga uvutike. Funika saa moja. Mwezi wa Julai, baridi ikikaza, utahitaji zaidi ya saa moja, kwa hiyo weka bakuli karibu na jiko. Kaanga matone madogo kwenye mafuta yenye moto wa kadiri. Kando, chemsha kikombe cha sukari na nusu kikombe cha maji na iliki mpaka ivutike kati ya vijiko viwili. Tafadhali, tumia vijiko, si vidole. Ingiza kaimati, zungusha, toa.

Mafuta ndiyo gharama kubwa hapa, na ndiyo yanayotushawishi kuyatumia mara nyingi mno. Kuyatumia tena si kosa. Yachuje yakipoa, yaweke kwenye chupa iliyofungwa mbali na jua, usiyachanganye na mapya. Lakini yakiwa meusi, yakitoa povu, yakinuka, au yakianza kutoa moshi kabla hayajapata moto vizuri, yamekwisha. Usiyamwage mtaroni. Yatie kwenye chupa ya zamani, uifunge, uitoe pamoja na taka.

Kuhusu mafuta ya kupima: najua si kila siku mtu anaweza kununua lita nzima. Nunua kwa mtu unayemjua, na umwombe akupimie kutoka kwenye mtungi wenye jina na alama ya ubora. Imewahi kuripotiwa katika nchi hii kwamba mafuta yaliyoibwa kwenye transfoma za umeme huuzwa kwa wakaangaji, kwa sababu hayaishi haraka jikoni. Hayo si chakula. Ukikuta mafuta ya bei ya chini ajabu, jiulize yametoka wapi.

Na vitamu vya rangi kama mabuyu, tumia rangi ya chakula iliyo kwenye pakiti yenye maandishi. Rangi ya kutia mikeka au nguo haifai kuingia tumboni mwa mtoto, hata ikiwa inang'aa zaidi.

Nne: keki ya sufuria, na moto ndani ya nyumba

Wenye ovena wasitutishe. Watu wa Pwani wamekuwa wakipika mkate wa sinia kwa makaa juu na makaa chini tangu zamani, na keki inaiva kwa njia hiyo hiyo.

Vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko viwili vidogo vya beking pauda, nusu kikombe cha sukari, mayai mawili, theluthi moja ya kikombe cha mafuta, na maziwa zaidi kidogo ya nusu kikombe. Ukiwa na ndizi iliyoiva kupita kiasi, ile ambayo mama mboga anaiuza kwa bei ya kutupa, iponde uitie humo na upunguze sukari. Changanya, mimina kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga.

Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga safi mkavu kina cha vidole viwili, uipashe moto dakika kumi. Weka kigae au kifuniko kidogo cha chuma juu ya mchanga, kisha ile sufuria ndogo. Funika, weka makaa machache juu ya kifuniko. Moto wa chini uwe mdogo. Baada ya dakika 45 choma kwa kisu: kikitoka kikavu, imeiva.

Sasa angalia: dakika 45 ni muda mrefu wa makaa kuwaka. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotudanganya, tukidhani hatari imekwisha. Mtu huanza kuumwa kichwa, akasikia kizunguzungu, akataka kulala. Akilala, huenda asiamke. Pika keki nje au mlangoni, mlango na dirisha vikiwa wazi. Ukimaliza, zima makaa nje. Usilale na jiko ndani, hata kama Julai baridi inauma na watoto wanalia.

Jiko lisiwekwe njiani mwa mtoto. Mpini wa sufuria ugeuzwe upande wa ukuta. Mafuta yasizidi nusu ya sufuria. Mafuta yakishika moto, usimwage maji kamwe, maana moto utaruka mpaka kwenye dari. Funika kwa kifuniko au sinia, na uzime gesi ikiwa unaweza. Katika vichochoro vyetu gari la zimamoto hupata shida kupita, na nyumba zimeshikana. Kinachozuia moto wa mtaa mzima mara nyingi ni kile kifuniko kilichokuwa karibu na mkono wa mpishi. Ukishindwa, toa watu nje, piga kelele majirani wasikie, piga 999 au 112.

Sukari iliyoyeyuka hupita nyuzi 150. Ikimwagika kwenye ngozi inanata na kuendelea kuunguza. Mtu akiungua, mimina maji safi ya kawaida juu ya mahali hapo kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala unga, wala yai, wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya.

Kitamu kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula. Kwa mtu mzima hiyo ni kama vijiko 12 vya chai kwa siku, na likasema sita ni bora zaidi. Mtoto anahitaji kidogo kuliko hapo. Sasa hesabu mwenyewe. Kipande kimoja cha ile kashata yetu kina sukari kama vijiko viwili. Chai ya asubuhi na ya jioni, unajua unaweka mangapi. Soda nayo, geuza chupa usome: ukiona gramu 10 kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 300 ina gramu 30, yaani zaidi ya vijiko saba. Kwa hiyo matunda na viazi viwe vya kila siku. Kashata, kaimati na keki ziwe za Jumamosi, za Idd, za Krismasi, za siku mtoto ameleta ripoti nzuri.

Asali isipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata tone. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia.

Ukitaka kuuza

Wengi mtaanza kwa watoto wenu, kisha jirani aseme, "Mama, nitengenezee na mimi." Biashara imezaliwa. Ni jambo jema. Anayeshika chakula cha kuuzia watu anahitaji cheti cha afya baada ya kupimwa, na hukaa miezi sita kisha unapimwa tena. Uliza pia kuhusu kibali katika ofisi za kaunti ndogo, Kibra kwa watu wa Kibera, na Dagoretti Kaskazini kwa watu wa Kawangware. Uliza kabla ya kuanza. Ni nafuu kuliko kuulizwa baada ya kuanza.

Usifungie kashata wala mandazi kwenye gazeti la zamani au karatasi za mitihani. Wino unahamia kwenye chakula chenye mafuta. Tumia karatasi safi ya khaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, na sheria hiyo bado ipo.

Nimemaliza. Ombi langu ni moja, na halina gharama. Leo jioni kabla hujapika, mwite mtoto, mwageni karanga au mchele kwenye sinia karibu na mlango, mchambue pamoja. Mwonyeshe mbovu inafananaje. Akijua leo, atawachambulia watoto wake.

Maswali nayakaribisha.